Somo la Kwanza ni Kuanguka

Kesho naanza kufundisha judo hapa Ifakara, na wanafunzi wangu hawajui lolote. Somo la kwanza ni kuanguka bila kuumia. Magodoro ya mazoezi sina, kwa hiyo tangu asubuhi najaza pumba za mpunga kwenye viroba na kuvipanga chini ya turubai.

Kwenye orodha yumo Evod, kaka wa marehemu mume wangu. Huyu alinifukuza shambani Lupiro hata matanga hatujaanua. Alinisukuma mbele ya watu, nikaangukia tuta la jaruba, mkono ukavunjika, naye akacheka. Amejiandikisha bila kuuliza mwalimu ni nani.

Nitamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha nitamwita mbele awe mfano. Pale atakapoangukia, viroba nimeshaviondoa.