Rafu ya Wenye Uti wa Mgongo

Kila mwaka, kabla ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, mwalimu Zita huwatuma wanafunzi bondeni na makopo matupu ya rangi. Hukamata konokono, nyungunyungu na panzi kwenye vinyungu, zile bustani zinazolimwa kando ya mto wakati wa kiangazi, na akina mama huwafokea kwa kukanyaga kabichi. Mwaka huu hakumtuma mtu. Viumbe walipanda wenyewe.

Jumatatu asubuhi, ukungu wa Njombe ukiwa bado umelalia mabati, Zita alifungua maabara akawakuta wanapita chini ya mlango, kila kundi na foleni yake. Konokono na koa walikwenda rafu ya moluska. Nyungunyungu na ruba walikaa kwa anelida. Buibui, tandu, nyuki, jongoo na kaa wa mtoni walisimama mbele ya rafu ya athropoda, wakahesabiana miguu, kisha wakagawana chupa. Jongoo mmoja aliingia kwa tandu. Zita alimhamisha taratibu. Walipokwisha kujipanga, wakafa. Walinuka dawa ya viazi.

Zita alimimina fomalini, akafunga vifuniko.

Mchana alikuja mzee Tarsis, mwenyekiti wa bodi ya shule. Shamba lake la viazi liko juu ya bonde. Dawa huileta kutoka Makambako, na mapipa huoshewa mtoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kumbe maabara imejaa! Halafu kila kikao mnalia hamna vifaa."

"Wametoka bondeni, mzee. Wananuka dawa yako."

"Si wadudu hao? Dawa ndiyo kazi yake." Aligonga chupa ya kaa kwa ukucha, akacheka.

Zita alitaka kusema kwamba kaa si mdudu, konokono si mdudu, na kwamba mama yake analima pale chini. Alisema, "Ndiyo mzee."

Jumatano walikuja vyura. Hawakuwa na rafu, kwa sababu mada ilikuwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Walisubiri kizingitini bila kulalamika hadi Zita alipowafutia vumbi rafu ya chini. Jioni alishuka bondeni.

"Mama, usimwagilie maji ya mto."

"Nimwagilie nini, mate?" Mama Consolata hakuinua kichwa. "Kabichi ndiyo kwanza zinafunga vichwa. Mwambie huyo mwenyekiti wenu akaoshee mapipa kwake."

"Nitamwambia."

Alhamisi alikutana na mzee Tarsis getini. Alimwamkia, akaangalia viatu vyake, akapita.

Ijumaa, katika kipindi cha mwisho, mama Consolata alisimama mlangoni, mikono imejaa tope. Wanafunzi wakasimama kumwamkia.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Karibu."

"Nimefia kwenye kabichi, mchana huu. Wenye uti wa mgongo wanakaa wapi?"

Zita alimwonyesha. Rafu ya vyura ilikuwa fupi, hivyo wanafunzi waliunganisha meza mbili. Mama alivua ndala, akapanda, akajilaza kwa ubavu kama alivyozoea nyumbani. Zita alivua koti lake jeupe la maabara, akamfunika.

Mzee Tarsis alifika na gunia la viazi vya msiba. Alivua kofia, akatazama meza, akatikisa kichwa.

"Pole sana, mwalimu. Baridi ya mwaka huu inamaliza wazee."

"Si baridi, mzee. Ni dawa yako." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini darasa zima lilisikia.

"Ni uchungu huo, mwanangu. Utapita," alisema Tarsis kwa upole. Akavaa kofia, akaondoka.

Baada ya muda pampu ya kupulizia dawa ilianza kunguruma kule juu, kwenye shamba la viazi. Zita alikwenda dirishani. Akina mama wa vinyungu walikuwa wanapanda njia kutoka mtoni, mmoja nyuma ya mwingine, bila ndoo, bila kuzungumza.

Aligeukia darasa. "Sogezeni meza zote," alisema. "Na ninyi mlioko nyuma, kaazimeni za chumba cha pili."