Siku Mwalimu Aliporuka Kichura

Mwalimu wa chekechea alikuwa bado kwenye kipindi cha majaribio, na siku hiyo mkaguzi angeamua kama anabaki au anafungasha virago.

Darasa lake lilikuwa na sheria moja, na aliitunga mwenyewe kwa mbwembwe zote. Kila siku saa nne asubuhi watoto hukagua mikebe ya chakula, na anayekutwa na peremende, soda au chokoleti anaruka kichura mara kumi uani, wenzake wakihesabu. Hakuna rufaa. Watoto wa miaka minne waliishika sheria hiyo kuliko mahakimu.

Mkaguzi, mama wa makamo mwenye miwani, alijikunja kwenye kiti cha watoto akafurahi. Karoti zilitafunwa, machungwa yakamenywa. Mtoto mmoja alieleza kwamba maharage hujenga misuli, akavimbisha kijimkono chembamba kama penseli. Mwalimu akaanza kupumua.

"Na mwalimu naye mnamkagua?" mkaguzi akauliza, utani tu.

"Anaficha kwenye kabati la rangi!" alisema Kibonge, msichana aliyepewa jina hilo kwa kuwa ndiye mdogo kuliko wote. "Nyuma ya gundi."

Mwalimu alitamani ardhi ipasuke immeze. Kibonge alishafika kabatini. Ikatoka chokoleti, ikatoka ya pili, ikafuata chupa ya soda iliyobaki nusu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

"Wanangu, leo tuna mgeni, tufanye kesho..."

"Sheria ni sheria, Mwalimu. Twende uani," Kibonge akasema.

Basi akaruka. Sketi ilibana, kiatu kimoja kikaenda zake, na kumi ikawa kumi na nne, maana Kibonge akihesabu akifika nane hurudi tano. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Kazi imeota mbawa, alijiambia.

Mkaguzi alicheka hadi akavua miwani kujifuta machozi. Alipoirudisha, alimwona Kibonge akiutazama mkoba wake kwa makini. Akaukumbatia upesi, akaandika ripoti akiwa amesimama, akamwachia mwalimu karatasi na kulifuata geti mbiombio.

Mwalimu akasoma akihema:

"Watoto wameiva. Mwalimu bado mbichi. Abaki hapa mpaka wamalize kumfundisha."