Karatasi ya Babu Dahir

Mawira aliingia kwa chifu na cheti cha kuzaliwa tu, akatoka kidole kimejaa wino. Deqa alikaa naye dawati moja miaka minne, lakini yeye aliambiwa asubiri kwenye benchi la Wasomali wanaosailiwa na wazee kuhusu ukoo wao. Hii ilikuwa mara ya tatu. Asipopata kitambulisho, Jumatatu chuo cha uuguzi kingempa mtu mwingine nafasi yake.

Leo hakuwa na wasiwasi. Adeer Elmi, amu yake, ndugu wa marehemu babake, alikuwa mmoja wa wazee hao. Deqa alikuwa amemkabidhi karatasi ya babu Dahir ya kustaafu jeshi la Mwingereza, ushahidi wao pekee kwamba ni watu wa Isiolo. Damu nzito kuliko maji, sivyo? Kila Ijumaa Deqa humsomea mzee ujumbe wa simu, maana macho yake yameingia ukungu.

"Karatasi ya babu iko wapi?" chifu alimuuliza alipoitwa ndani.

"Anayo Adeer Elmi."

Mzee Elmi alivuta tasbihi. "Mimi sikupewa kitu."

"Wallahi nilikupa mkononi! Mama alikuwa hapo!"

"Heshima, msichana," chifu alisema.

"Mawira hakuulizwa babu yake. Katiba inasema tusibaguliwe."

Chifu alicheka. "Katiba haina muhuri. Muhuri ninao mimi." Akamsukumia faili. "Karani wangu hayupo. Wasomee wazee majina ya waliopita jana, waweke kidole kuthibitisha, halafu nenda nyumbani."

"Asisome huyu!" Elmi alisema.

"Kwa nini? Si mtoto wenu?"

Deqa alifungua faili. Jina la kwanza lilikuwa Fahmo, binti wa tajiri wa malori, ambaye mwezi jana alikuwa benchi lile lile, hana karatasi yoyote. Sasa ameandikwa mjukuu wa Dahir, askari mstaafu. Karatasi ya babu ilikuwa imebanwa hapo hapo, na doa la chai alilomwaga Deqa akiwa mtoto. Loo! Na yale mabati mapya kwenye nyumba ya Adeer Elmi yaliletwa na lori la nani?

Alisoma kwa sauti, neno kwa neno. Hakuna aliyeshtuka.

"Haya, muonyeshe mzee mahali," chifu alisema. "Haoni."

Deqa akamshika amu yake kidole gumba, akakichovya kwenye wino, akakiweka chini ya jina la babu. Wino ukamchafua na yeye, na ndio wino pekee aliotoka nao kwa chifu.