Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Seth Ndahani alikuwa na maringo ya aina moja tu. Hakuringia nguo wala simu. Aliringia kuandika kwa ufupi. Jambo ambalo mwenzake angetumia mistari arobaini kuieleza kompyuta, yeye alitaka alimalize kwa kumi, kisha aegemee kiti na kusubiri kusifiwa. Katika chama cha wakulima wa zabibu pale Makutupora ni yeye peke yake aliyejua kuandika programu, kwa hiyo wa kumsifu hakuwepo, na kazi hiyo nayo akawa anaifanya mwenyewe.

Kitu alichokipenda kuliko vyote katika mfumo wake kilikuwa fanksheni moja, yaani kipande kidogo cha programu kinachofanya kazi yake kila kinapoitwa. Ukikipa namba ya mkulima, kinampelekea yeye peke yake ujumbe kwenye simu: zamu yako imefika, vuna leo, leta kesho asubuhi. Usipokipa namba yoyote, kinawapelekea wakulima wote, mia tatu na kumi na wawili. Kipande kimoja, tabia mbili, kutegemea kimeitwaje. Wazo lenyewe alilitoa nyumbani. Mama yake, Anyesi, mkulima na mwanachama wa chama hicho hicho, alimlea katika kijiji ambako ukitaja jina anaitika mmoja, lakini ukipiga yowe bila jina wanatoka wote, mwenye jembe na mwenye mwiko. Seth aliona ameingiza akili ya Wagogo kwenye kompyuta, na kichwa kikamvimba.

Siku alipomfundisha Hilda, karani wa mapokezi, saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Hilda alikuja kazini kila siku kutoka Ihumwa, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali, tena maswali ya maana.

"Injinia, hapa kwenye namba nikiacha wazi inakuwaje?"

"Aa, dada Hilda, nani tena ataacha wazi? Wewe jaza, bonyeza, basi."

Jibu alilijua. Kulieleza kungechukua dakika mbili, na kungemlazimu akiri kwamba njia ile ya pili aliijenga kwa ajili ya matangazo yake mwenyewe, na hakuiwekea hata onyo. Njaa ilikuwa inamuuma. Akaenda kula.

Ikaja Agosti na mavuno yake. Kiwanda kinachonunua zabibu hupokea tani chache tu kwa siku, ndiyo maana wakulima huvuna kwa zamu. Zabibu ikishakatwa haina subira. Jua la Dodoma likiipata siku mbili, inaanza kuchacha ikiwa ndani ya kreti. Jumanne moja asubuhi Hilda alikuwa anataka kumwita mkulima mmoja. Dirishani akatokea mzee analalamikia mizani, Hilda akageuka kumjibu, kisha akarudi kwenye mashine na kubonyeza akidhani ameshajaza namba. Kioo kikaandika "Imetumwa". Hakikuandika kwa nani, maana Seth alipenda ufupi.

Jumatano kulipokucha, barabara ya kituo cha kupokelea ilikuwa imeziba. Pikipiki, guta, mikokoteni ya punda, matrekta mawili, na kreti juu ya kreti hadi kwenye kona. Kabla ya saa nne kiwanda kilisema kimejaa. Kufika adhuhuri nyuki walikuwa wengi kuliko watu, na harufu ya kuchacha ilikuwa imeanza. Karibu na mwisho wa foleni Seth alimwona mama yake, amekaa juu ya kreti zake, shamba zima limo humo. Mama alimpungia mkono kwa furaha.

"Nimewaambia hawa," alisema kwa sauti, "ujumbe wa mwanangu ukisema vuna, mimi sibakizi hata kishada!"

Mwenyekiti wa chama, Mzee Joel, aliwaita Seth na Hilda ofisini na kufunga mlango. Aliuliza swali moja tu: nani kafanya hivi?

Seth akafungua kumbukumbu za mfumo. Zilikuwa wazi kabisa: Jumanne, saa tatu na dakika kumi, Hilda, sehemu ya namba tupu. Hapo ndipo mtu mzima anapopimwa, na Seth alipimwa akaonekana mwepesi.

"Mfumo umefanya ulivyoagizwa, Mwenyekiti," alisema. "Aliyekuwa kwenye mashine hakujaza namba."

Kila neno lilikuwa kweli, na bado hakuweza kuinua macho. Hilda alimtazama kama anayesubiri mtu amalizie sentensi yake. Seth hakumalizia. Akajikausha, akaendelea kukodolea kioo macho.

"Kama mashine inasema hivyo," Hilda akasema, "mimi sina zaidi."

Mzee Joel akamwambia aende nyumbani mpaka kamati ikae Ijumaa, na kila mmoja mle ofisini alijua kamati ikikaa itaamua nini.

Alhamisi mchana Seth alikwenda kwa mama yake. Alimkuta anamwaga zabibu kwenye shimo la mbolea, kreti baada ya kreti, mikono imekuwa myekundu hadi viwiko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na kazi. Yule msichana wenu kanimwagia jasho langu la msimu mzima, lakini nimemkomesha! Jana habari zilipotoka ofisini, nilimkuta getini na mkoba wake, nikamwambia mbele za watu: mwanangu anahangaika kuwajengea vitu, wewe hata kujaza namba hujui, kwani hapa ulikuja kulala? Kashika njia, kaenda zake. Angesema nini?"

Aibu ilimpanda Seth kuanzia masikioni. Ile ya jana ofisini alikuwa amejidanganya kwamba itapita. Sasa mama yake amesimama getini, kwa jina lake, akamdhalilisha mtu asiye na kosa, na amerudi nyumbani akijivuna kwa hilo. Alichukua kreti akamwaga, akachukua ya pili, akashindwa kuinyanyua.

"Mama, Hilda aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

Akamweleza yote: swali, njaa, njia ile isiyo na onyo, hata yowe. Mama yake aliacha kumwaga.

"Kwa hiyo hiyo mashine yako haimuulizi mtu kwanza kama kweli anataka kuwaita wote?"

"Haiulizi."

"Na hili la yowe ulilipata kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Basi hukunisikiliza vizuri. Mtu hapigi yowe kwa kusahau jina, Seth. Anayepiga yowe anajua kabisa anachokifanya."

Alinawa mikono kwa sabuni, wekundu haukutoka. Akajifunga kitenge kingine na kumwambia wanakwenda Ihumwa. Seth alipojaribu kusema ataenda peke yake, mama alimkata.

"Wewe una lako. Mimi nimemtukana mtoto wa watu, na hilo ni langu."

Walimkuta Hilda uani anaanika nguo. Anyesi alikuwa na miaka sitini na miwili, mtu ambaye mabinti wa Makutupora humwamkia kwa kupiga goti. Siku hiyo hakusubiri kuamkiwa. Alipiga magoti yote mawili kwenye vumbi mbele ya mwanamke wa umri wa binti yake.

"Binti yangu, nilikuonea. Nisamehe."

"Mama, jamani! Inuka, usinifanyie hivyo, utaniletea laana!" Hilda alidondosha shuka, akamshika mikono kumwinua.

Seth alisimama nyuma yao, mikono yake haina pa kukaa. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Ihumwa ni ngumu mwezi wa nane, haikupasuka. Kosa lilikuwa lake, na aliyekuwa na vumbi magotini ni mama yake.

Hilda alimkalisha mama kwenye kigoda na kumletea maji. Ndipo akamgeukia Seth, bila kupaza sauti.

"Injinia, hapa kwenye namba nikiacha wazi inakuwaje?"

Safari hii Seth aliinua macho.

"Inawaita wote, dada Hilda. Nililijua hilo siku ile ile uliyoniuliza, na sikukwambia. Nisamehe."

Hilda hakusema amemsamehe. Aliokota shuka, akalikung'uta vumbi.

"Kesho mbele ya kamati nitakuuliza hivyo hivyo," alisema. "Unijibu hivyo hivyo."

Anyesi alimaliza maji yake. Akamrudishia Hilda kikombe kwa mikono miwili, akamwambia kwamba kesho na yeye atakuja mapema, akae kiti cha mbele, asikie mwanawe anavyojibu.