Shemeji Kwenye Tingatinga

Fundi cherehani alichelewa kufika darasani, akakaa karibu na mlango ili akichoka atoke bila kusumbua mtu. Chumba kilikuwa cha kukodi, juu ya duka la rangi, na harufu ya tina ya kuzimulia rangi ilipanda ngazi pamoja na wanafunzi. Walikuwa kumi na wawili, wote wa mtaa ambao kuta zake zilikuwa zimechorwa X nyekundu, tayari kwa kubomolewa. Mwalimu wao alikuwa mama mfupi aliyewahi kupiga video za harusi.

"Simu zenu zinatosha kwa ushahidi," alisema. "Anza na mtaa mzima, halafu nyumba, halafu namba ya mlango. Taja tarehe. Kila picha ishike sekunde kumi, mkono usitikisike, mdomo ufungwe. Na sura inayoweza kumponza mwenyewe, iache."

Mzee waliyemwita Redio aliuliza kama hilo la mdomo lilimhusu na yeye. Wakacheka.

Siku ya tatu, kabla ya chai, zikaja habari kwamba tingatinga limeingia mtaani. Waliondoka mbio, mwalimu nyuma yao.

Mashine ilikuwa mbele ya nyumba ya Mama Pacha, jirani wa fundi, aliyekuwa akitoa magodoro nje. Fundi aliegemeza kiwiko kwenye nguzo ya umeme akaanza kurekodi: mtaa, nyumba, namba. Alipoinua simu kwenye usukani alimwona mume wa dada yake. Nyumbani shemeji huyo alikuwa ameaga kwamba amepata kibarua cha barabara.

"Shemeji, zima hiyo simu."

"Zima hilo kwanza, shemeji."

Hakuna aliyezima. Msimamizi wa ubomoaji alipita akipunga karatasi ya amri. Fundi akamwomba aishike vizuri isomeke, naye, kwa majivuno, akaikunjua mbele ya kamera mpaka sekunde kumi zikapita. Ukuta wa Mama Pacha ulianguka saa nne na dakika ishirini. Fundi alirekodi na hilo, huku machozi yakimtoka bila sauti.

Jioni waliitazama video darasani. Karatasi ilisomeka vizuri: wenyeji walikuwa na siku tisa zaidi za kuhama. Sura ya shemeji ilionekana pia, sekunde tatu hivi.

"Iachwe," alisema Redio. "Watu wamjue."

"Angekuwa dereva mwingine, ungeikata?" mwalimu alimuuliza fundi.

Fundi aliirudisha video nyuma. "Sijui, mwalimu."

"Mimi ningeikata. Aliyeamua ni yule mwenye karatasi."

Wakaikata.

Baraza la ardhi, walikopeleka malalamiko, lilitazama video hiyo mara mbili, likasimamisha ubomoaji hadi kesi isikilizwe. Nyumba thelathini na moja zilibaki zimesimama. Ya Mama Pacha haikurudi. Yeye na wanawe walihamia chumba cha nyuma cha fundi.

Shemeji alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo, kwa kuwa namba ya mashine ilionekana kwenye video, na lawama ikamwangukia yeye. Dada mtu alikata mguu kabisa kwa fundi, na simu hakupokea. Mwezi wa tatu tangu hapo alitokea kibarazani na sketi ya shule ya binti yake, akaiweka juu ya cherehani.

"Kiuno kimembana," alisema.

"Nitaachia sentimita mbili," alijibu fundi, akamsogezea kiti.

Dada alikitazama kile kiti kwa muda, kisha akakaa.