Dakika Mbili za Kumzungumzia Mama

Nilikuwa nimekaa juu ya mashine ya kufulia, simu mkononi, nikimpimia mtoto wa watu dakika mbili za kumzungumzia mama yake. Mama huyo alikuwa amezikwa jana yake. Mimi nilijua, yeye hakujua, na nilikuwa nimeombwa nisiseme mpaka Ijumaa.

"Mama yangu ni fundi cherehani," alianza kwa Kiingereza, akipaza sauti kuushinda mngurumo wa mashine. "Anashona sare za shule. Hatumii futi ya kupimia. Anamtazama mtu akiingia mlangoni, halafu anakata kitambaa."

Akarudi kwenye Kiswahili. "Dada, nimefika ngapi?"

"Sekunde arobaini."

"Tu? Mbona nimeshamaliza maisha yake yote."

Nilicheka. Mpaka leo sijui kicheko kile nilikitoa wapi.

Tulikuwa wawili tu kutoka nchi yetu katika shule ile ya lugha, majengo mawili ya matofali nyuma ya maktaba ya chuo kikuu. Yeye alikuwa fundi wa maabara, msichana wa miaka ishirini na sita, na darasa zima lilimwita Kamusi kwa sababu alitembea na kamusi nene kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa miaka arobaini na tatu, mwenye mume na watoto wawili niliowaacha nyumbani, na mvi nilizokuwa nimeacha kuzihesabu. Kozi ilikuwa ya wiki ishirini. Saa sita za darasa kila siku, kisha kusikiliza kanda, kisha insha, kisha kulala na maneno yakiendelea kuzunguka kichwani. Kufikia wiki ya kumi na tano nilikuwa nimechoka hata kuota. Nilikuwa nikiamka asubuhi nikiwa nimekunja ngumi.

Mwishoni kulikuwa na mtihani. Ukifaulu, unaingia chuo kusomea shahada uliyopewa ufadhili. Ukianguka mara mbili, unafunga virago. Kamusi alikuwa ameshaanguka mara moja, mwishoni mwa kozi iliyotangulia, kwenye sehemu ya kuongea. Kiingereza alikijua kuliko mimi, ila alikisema kwa kunong'ona, na mwalimu wa kuongea, mzee mrefu wa masikio mazito, hakumsikia. Ndiyo maana tulifanyia mazoezi chumba cha kufulia, chini ya bweni, ambako mashine sita zilimlazimisha kupaza sauti. Tena ndicho chumba pekee ambamo kanuni ya shule, ya kutosema lugha ya nyumbani mahali popote ndani ya majengo, haikuwa na mtu wa kuisimamia. Huko ndiko tulikokuwa tukipumua.

Mada ya kuongea ilitolewa mapema: mzungumzie mtu unayemfahamu vizuri. Kamusi hakufikiri hata kidogo.

Simu ilikuja Jumatatu, saa moja asubuhi, nikipiga mswaki. Alikuwa kaka yake, mtu ambaye nilikuwa nimezungumza naye mara mbili tu, kusalimiana.

"Dada, shikamoo. Samahani kwa asubuhi hii." Akakohoa. "Mama ametutoka jana jioni. Presha. Tunazika leo alasiri."

Nilimpa pole. Povu la dawa ya meno lilikuwa bado mdomoni.

"Yeye sijampigia. Hata akipanda ndege sasa hivi hatawahi. Na mtihani wake ni Ijumaa, si ndiyo? Mama mwenyewe ndiye aliyemtaka huko. Akianguka tena tutakuwa tumepoteza viwili." Nyuma yake watu walikuwa wakivuta viti. "Wewe ndiye dada yake huko. Mshike mpaka Ijumaa. Akitoka tu kwenye mtihani, mwambie taratibu."

Nikasema sawa. Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mtu aliye mbali haangushiwi msiba kwa simu akiwa barabarani au kazini au kwenye mtihani. Anasubiriwa afike mahali pa kukaa. Hata mimi nilifichwa kifo cha baba yangu mdogo kwa siku nzima nikisahihisha karatasi, na baadaye nilishukuru. Basi sikuona kwamba nimeombwa jambo la ajabu. Nilisukutua, nikavaa, nikaenda darasani nikakaa kiti cha pembeni yake kama kawaida, naye akanisogezea nusu ya mkate wake.

Jumanne ndiyo hiyo ya sekunde arobaini. Nilijaribu kumgeuza.

"Kwa nini usimzungumzie mkuu wako wa maabara?"

"Yule? Dakika mbili zitajaa matusi."

"Au mimi."

"Wewe nitakumaliza kwa sentensi moja. Dada yangu analalamika na anakoroma." Akanipiga kikumbo cha bega. "Mama ndiye anayenitoa sauti. Nikimsema yeye siogopi."

Akaongeza mambo ili muda ujae. Kwamba shule zikikaribia kufunguliwa mama yake hushona mpaka mguu wa kukanyagia cherehani unavimba. Kwamba mabaki ya vitambaa huyashonea mito, na nyumba yao haina mto hata mmoja usio na rangi ya sare ya shule fulani. Kila siku jambo jipya lilikuja, na kila siku sauti yake ilipanda kidogo. Kufikia Alhamisi nilikuwa namfahamu marehemu kuliko majirani zangu wengi. Nilikuwa namlilia chooni, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona, kisha nanawa uso na kurudi kushika saa.

Jumatano ndiyo siku aliyozoea kuzungumza na mama yake. Simu haikupatikana. Akampigia kaka, akaambiwa simu ya mama ilianguka, iko kwa fundi. Alinijia kwenye ngazi za maktaba, mchana, wanafunzi wakitupita na mabegi yao.

"Dada, kaka ana sauti mbaya. Kama mtu aliyelia."

Nilikuwa naweza kunyamaza. Nilikuwa naweza kukohoa, kuinama kufunga kamba ya kiatu, kusema tutachelewa. Lakini alinitazama akingojea, nami nikafungua kinywa.

"Labda mafua," nikasema. "Ni msimu wa mafua huko."

"Eh, labda," akasema, na uso wake ukatulia. Alikuwa ameniamini mara moja.

Sasa niseme jambo ambalo nimelizungusha kwa miaka kumi na mmoja. Vyeti vyetu vilitoka siku moja. Changu kiko kwenye faili pamoja na shahada niliyoipata baadaye, na kwa shahada hiyo nilipanda cheo, nikasomesha watoto, nikajenga. Watu wakiniuliza kuhusu mwaka ule nasimulia baridi na chakula kisicho na chumvi. Wakiniuliza kuhusu yule mwenzangu, nasema nilimfichia msiba kwa ombi la kaka yake, na wote huitikia kwa kichwa. Mlifanya vizuri, wanasema. Ungefanyaje.

Lakini Alhamisi alasiri nilikuwa nimeamua kumwambia. Dakika zilikuwa zimetimia vizuri, sauti ilikuwa imesimama, na niliona wazi kwamba msichana huyu angeweza kuubeba msiba. Alikuwa na haki ya kujua anamsema nani. Nilipanda ngazi hadi mlango wa chumba chake, nikainua mkono kubisha. Ndani alikuwa akipiga pasi na kuimba taratibu. Nikafikiria itakavyokuwa. Ataanguka. Nitamshika. Nitakaa naye jioni yote, kama inavyopasa, nitampikia uji hatakunywa, nitapokea simu za ndugu zake mmoja mmoja. Na kesho saa tatu asubuhi mimi pia nitaingia kwenye chumba cha kusikiliza, mimi ambaye alama zangu za majaribio zilikuwa zinaning'inia kwenye mstari wa kufaulu, na kichwa kikiwa kimevimba sitasikia neno.

Nikashusha mkono. Nikarudi chumbani kwangu, nikarudia kanda tatu za kusikiliza, nikalala mapema. Nililala vizuri, na hilo ndilo linaloniuma.

Ijumaa alitoka chumba cha kuongea akicheka. Mwalimu mzee alikuwa ameinamisha kichwa kumsikiliza, kisha akamwambia hakuna haja ya kupaza sauti hivyo. "Dakika mbili na sekunde tatu," alinong'ona kwenye korido, akiwa amenishika mikono yote miwili. "Kaniuliza kama mama atanishonea joho la mahafali. Nikamwambia atanishonea, na yeye pia akitaka."

Nikamwambia twende tukatoe nguo kwenye mashine. Alinifuata akiruka ngazi mbili mbili. Chumba kilikuwa kitupu, mashine moja tu ikizunguka, na nilimketisha kwenye benchi, nikapiga magoti, nikamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kama nilivyoagizwa.

Hakulia. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama anayetafuta mahali nilipokosea.

"Lini?"

"Jumapili. Walizika Jumatatu."

"Leo Ijumaa."

"Ndiyo."

"Jumatano nilikuuliza."

"Ndiyo. Nilikuwa najua."

Akaangalia mikono yake. Mashine iliendelea kuzunguka. Nilianza kumweleza kuhusu kaka yake, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga wiki nzima, kwamba ilikuwa heri yake, kwamba ni mama mwenyewe aliyetaka afaulu, kwamba asingewahi hata kwa ndege. Yote yalikuwa kweli. Aliinua kiganja, nikanyamaza.

"Kaka nitamwelewa," akasema. "Kaka alikuwa amefiwa. Wewe, dada, kama usingekuwa na mtihani wako leo, ungeniambia?"

Nilikuwa na jibu jingine tayari, zuri, ambalo lingetufaa sote wawili. Lakini alikuwa amenitazama vilevile kama pale kwenye ngazi za maktaba, akingojea, na sikuwa na nguvu ya kudanganya tena.

"Ningekuambia," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Mashine ikasimama. Alinyanyuka, akafungua mlango wa mashine, akaanza kutoa nguo na kuzikunja juu ya meza, zake na zangu, kwa uangalifu, akinyoosha mikunjo kwa kiganja. Nilisimama nimsaidie, lakini hakunipa nafasi mezani. Machozi yalikuwa yameanza sasa, yakidondoka kwenye mashuka, naye hakuyafuta. Alipomaliza alizisukuma nguo zangu upande wangu, zikiwa zimepangwa vizuri. Kisha akaniambia, kwa Kiingereza kilichonyooka na sauti ambayo mtu yeyote angeisikia, asante sana, naomba usinisubiri.