Mkono Unapoangukia

Miwani ile ilinunuliwa sokoni Sirari, na Nchagwa aliivaa kwa kazi mbili tu: kusoma kitabu cha nyimbo kanisani na kusoma matumbo ya mbuzi. Mchungaji aliijua kazi ya kwanza na kujifanya haijui ya pili. Sisi wa Susuni hatukuona ajabu. Mungu ana njia zake, mbuzi naye ana zake, na mwenye msiba hachagui mlango wa kubisha.

Asubuhi hiyo aliivaa akiwa bado nyumbani kwake, kabla hata mbuzi hajafunguliwa kamba. Mkewe alimtazama, akarudi kwenye uji wake.

Ryoba, mtoto wa marehemu mdogo wake, alikuwa ameshazikwa. Alifia barabarani jioni, amepakiwa kwenye pikipiki na Heche, ndugu yake wa tumbo moja, wakitoka Sirari. Pikipiki iliingia chini ya lori lililoharibika na kuachwa kando ya barabara. Heche alitoka na mkono uliovunjika, na harufu ya pombe ambayo hata damu haikuweza kuifunika. Kila mtu aliinusa. Lakini kwetu, jinsi mtu alivyokufa ni habari ya polisi. Ukoo huuliza kwa nini amekufa yeye. Malori mangapi huharibika, na walevi wangapi hufika kwao salama wakiimba? Swali hilo ndilo linalomchinja mbuzi.

Jibu lilikuwa likinong'onwa tayari, tangu matangani. Boke, mjane wa Ryoba, alishazika mtoto wake wa kwanza, na sasa mume. Watu walisema ana mkosi, kwanza kwa macho, kisha kwa midomo. Matumbo yakimtaja, atarudishwa kwao na nguo zake, na watoto wake wawili watabaki, maana ng'ombe wa mahari walishatolewa na watoto ni wa ukoo. Hilo halikuwa na rufaa.

Mbuzi aliletwa na Heche mwenyewe, mchana wa siku iliyotangulia. Alikuwa akifanya kazi kwenye kambi ya watalii karibu na Robanda, na alikuja na fulana yenye picha ya simba, mkono mmoja umening'inia kwenye kitambaa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mura. Mkono unaendeleaje?"

"Unaunga."

Alimfunga mbuzi kwa mkono mzima na meno, kisha akakaa kwenye gogo. Akaanza kuchora chini kwa kidole cha mguu.

"Kule kambini alikuja mgeni mmoja, mtu wa kompyuta. Asubuhi nilimpelekea chai, akaniambia huenda dunia hii si dunia."

"Ni nini basi?"

"Ni mchezo, baba mkubwa. Kama ile ya kwenye simu. Kuna kompyuta kubwa mahali fulani, na sisi tumo ndani yake. Tunadhani tunakwenda, kumbe tunapelekwa. Hata mimi kushika pikipiki siku ile, ilishapangwa kabla sijazaliwa."

"Na kunywa?"

"Na kunywa."

Nchagwa alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesikia mengi. "Sasa huyo mgeni, siku ulipompelekea chai iliyopoa, alikugombeza wewe au aliigombeza kompyuta?"

Heche hakucheka. "Alinigombeza mimi." Akaendelea kuchora chini. "Mimi naamini, baba mkubwa. Naamini kabisa. Ila sipati usingizi."

Mbuzi alilia, akanyamaza. Heche akasema polepole, bila kuinua macho, "Mama anasema kesho utamwona Boke kwenye matumbo."

"Mimi simwoni mtu. Mimi si chochote. Matumbo ndiyo yanayosema, mimi natoa sauti tu."

"Ndivyo alivyosema mgeni," Heche alijibu, na hakukuwa na kejeli hata chembe katika maneno yake.

Alipoondoka, Nchagwa alibaki na mbuzi wake na maneno yale. Alijaribu kuyapuuza akashindwa. Yalimkaa kama unyuzi wa nyama kwenye jino. Baba yake alimfundisha kazi hii kwa sentensi moja: inua mkono, uache uanguke wenyewe, na pale unapoangukia ndipo pa kuanzia. Kazi yako ni kutokuwepo. Nchagwa aliipenda kazi ya kutokuwepo. Alikuwa ametenganisha wake na waume, ametaja wezi, ametaja wachawi, na hakuna hata siku moja aliyojiuliza. Mfereji hauulizwi maji yanakwenda wapi.

Aliyechinja asubuhi hiyo alikuwa Waitara, mtoto wa binamu yake Tomaso. Kila mbuzi wa ukoo alipita kwenye kisu chake, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuyatoa matumbo mazima bila kuyatoboa. Kazi yake ilikuwa na mwisho wake pia: msomaji akishanena, Waitara humimina maji, msomaji hunawa, na neno linakuwa si lake tena. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama yake, Robi, alirudishwa kwao wakati Waitara akiwa mtoto wa kuchunga ndama, baada ya ng'ombe kufa mfululizo zizini na matumbo kumtaja yeye. Alifia huko kwao kabla mwanawe hajaota ndevu. Siku Robi alipotajwa pia msomaji alikuwa Nchagwa. Alinawa, akala, akalala usingizi mzuri.

Matumbo yalitandazwa juu ya majani ya mgomba katikati ya zizi, yakifuka mvuke. Wazee walisogea, Simioni mbele yao na fimbo yake. Wanawake walisimama upande wa pili wa boma. Boke alikuwa kati yao, mtoto mgongoni, mwingine kamshika sketi. Alikuwa amevaa viatu vyeusi, vile vya kwendea kanisani, vimefungwa vizuri kamba zake.

Viatu hivyo vilimchoma Nchagwa. Hakuna mwanamke anayevaa viatu vya kanisani kuja kukanyaga samadi. Boke alikuwa amejiandaa kwa safari. Alishajua atakachosomewa, kama walivyojua wote pale zizini, na mbuzi alikuwa ameuawa ili kutia saini tu.

Akainua mkono wa kulia. Chini yake, kati ya mikunjo, aliona doa moja jeusi, dogo kama punje ya ulezi. Akianzia kushoto, doa lingeingia nyumba ya mke. Akianzia kulia, doa hilo hilo lingekaa kwenye njia ya ndugu. Hilo alilijua siku zote, kama mtu anavyojua ana kisogo bila kukiona.

Mkono ukaanza kushuka upande wa kushoto. Hakuusukuma. Aliuhisi ukishuka wenyewe, mwepesi, kuelekea pale alipopatazama Scholastica, mama wa marehemu, pale walipopatazama wazee wote.

Akauzuia. Mkono ukatii.

Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maiti. Aliupeleka mkono kulia, ukaenda. Akaurudisha kushoto, ukarudi. Ulikuwa mkono wake tu, wenye kovu la panga na kucha zilizopasuka, na ulikuwa ukimsubiri aamue.

"Sema yanavyosema," Simioni alihimiza.

"Hayasemi," Nchagwa alijibu. "Haya ni matumbo ya mbuzi. Ninayesema ni mimi."

Mzee mmoja alikohoa, akakatiza kikohozi chake katikati.

"Boke habebi kitu. Heche alikunywa, akashika pikipiki. Ryoba aliona amekunywa, akapanda. Na sisi tulinusa pombe ile msibani, tukageuza pua kumwelekea mwanamke. Ndivyo ninavyosema mimi, Nchagwa. Mwenye ugomvi aje kwangu, asiende kwa mbuzi."

Scholastica alipiga ukelele. "Shemeji! Nimezika mmoja, unataka nimzike na wa pili?"

"Sitaki, shemeji. Lakini siwezi kumzika Boke mahali pake."

Simioni alitema mate, akasema matumbo yamenajisiwa, atafutwe mbuzi mwingine na msomaji mwingine. Wawili watatu walimuunga mkono. Wengine walitazama ardhi. Pengine wangempata msomaji huyo, siku nyingine. Heche alikuwa amekaa chini kwenye samadi, mkono mbovu umekumbatiwa na mzima, akilia kwa sauti, na katika kile kilio mlikuwa na kitu ambacho Nchagwa aliona haya kukitambua: ilikuwa nafuu. Boke hakulia. Aliinama, akafungua kamba za viatu, kimoja, kisha kingine, akavishika mkononi na kusimama peku.

Nchagwa aliona hayo yote na moyo wake ukafunguka. Kwa muda mfupi alijisikia kijana. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo kama mtu aliyepanga chumba ndani ya mwili wake mwenyewe, na leo ameingia na kukaa sebuleni. Akavua miwani. Akageuka, kama desturi inavyotaka, akanyoosha mikono yake yenye damu kumwelekea Waitara.

Waitara alikuwa amesimama na kopo la maji. Maji hayakuja.

"Baba mkubwa," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini na ya adabu, kama ya mtu anayeuliza njia. "Leo umesema ni wewe."

"Ni mimi."

"Mkono ni wako."

"Ni wangu, mwanangu."

Waitara alitikisa kichwa taratibu, akikubali. Kisha akauliza, "Na siku ile ya mama?"

Nchagwa aliyatazama matumbo, kwa mazoea tu, kama mtu anayegeuka nyuma kumtafuta aliyeitwa. Yalikuwa yamepoa kwenye majani ya mgomba na nzi walishaanza kutua. Mikono yake ilibaki imenyooka mbele, damu ikikauka kwenye kucha, na Waitara alilishika kopo wima, limejaa hadi ukingoni, hana haraka, akingoja.